MWALIMU WA MPIRA: MAISHA YA MAREHEMU JOEL BENDERA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa umoja wetu, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka hapa shuleni)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka niseme maneno machache, aliniachia uhuru wa kuchagua la kusema, ila alinipa sharti moja: nisizungumze habari za ofisini. Nimelitii sharti hilo kwa furaha, maana habari za ofisini zimenichosha hata mimi. Nimechagua kuzungumza juu ya mtu mmoja wa mkoa wetu huu wa Tanga, mwenyeji wa Korogwe, aliyefundisha mpira wa miguu na kuifikisha nchi yetu mahali ambapo haikuwahi kufika. Mtu huyo ni marehemu Joel Nkaya Bendera.

Vijana, najua kwamba makocha wa Ulaya mnawajua kwa majina, umri, na mishahara yao. Sina ugomvi na jambo hilo, kwa kuwa elimu haina mwisho. Lakini Waswahili husema, mwacha asili ni mtumwa. Si vizuri mtu ajue mabomba ya mji wa mbali na hali kisima cha kwao hakijui kilipo.

Kwanza nianze na neno lenyewe. Katika lugha yetu mtu anayefundisha timu huitwa mwalimu. Neno kocha tumelipokea, nalo linatufaa, lakini sikilizeni wachezaji wenyewe wakiwa kiwanjani: wakitaka maji, au wakitaka kutolewa kwa sababu ya kuumia, huita "Mwalimu!" Hawakufundishwa na mtu kusema hivyo. Wanajua kwamba yule mwenye filimbi anafanya kazi ileile ya mwenye chaki. Kazi hiyo ni kumchukua mtu asiyejua na kumfikisha kwenye kujua, kisha kusimama kando na kumwacha atende mwenyewe.

Wako wengine duniani waliolielewa jambo hili mapema. Marekani wanao mpira wao, ambao wao huuita futiboli ingawa hubebwa kwa mikono kuliko unavyopigwa kwa miguu. Mwaka 1892, Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokuwa kipya kabisa, kilimwajiri kijana mmoja aitwaye Amos Alonzo Stagg, aliyekuwa na umri wa miaka 30, ili afundishe michezo. Hawakumpa kibarua cha msimu. Walimpa cheo cha ualimu wa chuo kikuu, sawa na wale waliofundisha hesabu na historia. Alikaa pale mpaka mwaka 1932, walipomstaafisha kwa kuwa alikuwa ametimiza miaka 70. Akaenda chuo kingine, California, akaendelea kufundisha, na mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 81, walimu wenzake wakamchagua kuwa mwalimu bora wa mwaka. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102.

Lakini habari ya kiwanja chake ndiyo ninayotaka mwishike zaidi. Mwaka 1939 chuo kile kiliacha mchezo ule, na majukwaa ya kiwanja kilichoitwa kwa jina la Stagg yakabaki bila watazamaji. Desemba 1942 wanasayansi wakiongozwa na Enrico Fermi walitumia chumba kilichokuwa chini ya majukwaa hayo kufanya jaribio la kwanza la nguvu za nyuklia zinazojiendesha zenyewe. Kiwanja kisipochezewa, ndugu zangu, wengine hukitafutia kazi. Neno hili nitalirudia.

Sasa turudi nyumbani. Tanga si mgeni wa kandanda. Mji huu wa bandari, reli na katani ulikusanya watu wa makabila mengi, na jioni, kazi zilipokwisha, mpira uliwakutanisha. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walianzishwa mwaka 1948, na mwaka 1988 walitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania. Ndugu zao na watani wao wa jadi, African Sports, wamegawana nao uwanja wa Mkwakwani na mioyo ya watu wa mji huu kwa miaka mingi, hata nyumba moja ikawa na baba wa upande huu na mtoto wa upande ule. Korogwe nayo, iliyo njiani reli inapopanda kutoka pwani kwenda Moshi, iliishi maisha hayohayo ya mashamba ya katani na vituo vya gari moshi. Katika mkoa wa namna hiyo, kutokea kwa mwalimu mkubwa wa mpira si muujiza. Ni mavuno ya shamba lililolimwa.

Sasa niingie katika habari yenyewe. Mwaka 1979 haukuwa mwaka wa raha nchini. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vilianza Oktoba 1978, na Kampala ilitwaliwa Aprili 1979. Nchi ilishinda vita lakini mfuko ulitoboka. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vitu vya kawaida kama sabuni na sukari vilitafutwa kwa foleni. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini baadhi yenu mlioko mstari wa mbele mlisimama katika foleni hizo, nanyi mtanisahihisha nikikosea.

Katika mwaka huo timu ya taifa, Taifa Stars, ilikuwa inatafuta nafasi ya kwenda kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Vijana, lazima ieleweke kwamba wakati ule fainali hizo zilichezwa na timu nane tu. Leo zinachezwa na timu 24. Mlango ulikuwa mwembamba mara tatu zaidi, na Tanzania haikuwahi kuupita. Baada ya kuitoa Mauritius, Stars ilikutanishwa na Zambia, timu iliyokuwa imefika fainali ya mwaka 1974 kule Misri na kushindwa na Zaire baada ya mchezo kurudiwa. Watu wengi hawakutupa nafasi.

Aliyekuwa akiifundisha Stars katika safari hiyo ya kufuzu ni Joel Bendera. Kabla yake nchi ilikwisha kuletewa walimu kutoka nje, akiwamo Bert Trautmann, Mjerumani aliyewahi kuwa mlinda mlango mashuhuri wa Manchester City. Safari hii timu ilikuwa mikononi mwa mzalendo.

Wachezaji wake walikuwa watu ambao majina yao bado yanatajwa vijiweni: nahodha Jella Mtagwa, beki Leodegar Tenga, mlinda mlango Juma Pondamali, na mshambuliaji Peter Tino. Agosti 1979 Stars iliifunga Zambia bao 1 kwa 0 Dar es Salaam. Bao moja ni akiba ndogo sana ya kusafiri nayo. Mwenye kwenda ugenini na bao moja ana njia mbili. Aweza kujifungia nyuma na kuomba dakika 90 ziishe, au aweza kucheza mpira wake na kutafuta bao lingine. Kule Ndola, mbele ya umati wa Wazambia, wenyeji walitangulia kufunga. Hapo akiba ilikuwa imekwisha. Timu isiyofundishwa ingevunjika palepale. Stars haikuvunjika, na Peter Tino alisawazisha. Mchezo ukaisha 1 kwa 1, jumla ikawa 2 kwa 1, na Tanzania kwa mara ya kwanza ikaingia katika fainali za Afrika.

Simsemei marehemu kwamba bao lile alilifunga yeye. Mwalimu hafungi bao. Nasema tu kwamba mchezaji anayesawazisha ugenini, wakati miguu ni mizito na kelele zimejaa masikioni, anatumia kitu alichowekewa moyoni siku nyingi kabla, asubuhi ya mazoezi ambayo hakuna mtu aliyeitazama.

Fainali zilichezwa Nigeria, Machi 1980. Tanzania ilipangwa Lagos pamoja na wenyeji, Misri na Ivory Coast. Ilifungwa na Nigeria 3 kwa 1, ikafungwa na Misri 2 kwa 1, ikatoka sare na Ivory Coast 1 kwa 1. Nigeria ndiyo iliyotwaa kombe. Mtu aweza kusema pointi moja ni nini? Namwomba atazame vizuri: katika kila mchezo tulipata bao. Tuliporudi tena katika fainali hizo, ilikuwa mwaka 2019 kule Misri, baada ya miaka 39, na tulipoteza michezo yote mitatu. Pointi ile ya Lagos ilikaa peke yake kwa zaidi ya miaka 40, mpaka fainali zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024.

Lakini kuna jambo ambalo sitaki tulipite. Ukifungua orodha za mashindano yale ya Lagos, jina la kocha wa Tanzania lililoandikwa ni la Slawomir Wolk, kutoka Poland. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu katika fainali, na Bendera alikuwa chini yake. Simlaumu Mpoland yule. Aliitwa, akaja, akafanya kazi. Wala sisemi kwamba mgeni hana la kutufundisha, kwa sababu mtu anayekataa elimu kwa kuwa imetoka mbali ni mjinga wa kujitakia. Nauliza tu swali ambalo mtumishi yeyote wa umma atalielewa. Mtu amelima, amepalilia, amelinda ndege. Siku ya kuvuna anaambiwa ashike kapu la mwenzake. Je, msimu ujao atalima kwa moyo uleule?

Wala msifikiri hayo ni mambo ya kale. Novemba 2024 Taifa Stars ilifuzu kwenda fainali za Morocco chini ya mwalimu mzalendo, Hemed Suleiman, anayefahamika zaidi kwa jina la Morocco. Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali, timu ikakabidhiwa kwa Miguel Gamondi wa Argentina. Ni haki niseme yote: timu hiyo ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu, na sote tulishangilia. Huenda wakubwa waliamua vema. Lakini katika miaka 45 mambo haya yametokea mara mbili kwa namna moja, na jambo likitokea mara mbili linastahili kufikiriwa.

Sasa tumtazame Bendera mwenyewe. Alifanya nini baada ya hayo? Wako watu ambao wakinyimwa sifa hugeuka kuwa watu wa kinyongo, na maisha yao yote yaliyobaki ni kueleza walivyodhulumiwa. Bendera alichukua njia ya kazi. Mwaka 2005 watu wa Korogwe Mjini walimchagua kuwa Mbunge wao, naye akawa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Mwaka 2011 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, na mwaka 2014 akahamishiwa Manyara, alikotumika mpaka alipostaafu mwaka 2017. Hakuipumzikia pensheni yake. Desemba ya mwaka huohuo alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi sasa, nami naweza kuwaambia kwamba ukuu wa mkoa si kiti cha kupumzikia. Alipokuwa Morogoro, Januari 2014, mafuriko yaliikumba Kilosa, na daraja la Dumila, lililo katika barabara kuu ya kwenda Dodoma, likakatika. Mkoa ule ulikuwa pia na ugomvi mkali wa wakulima na wafugaji. Hayo ni mambo ambayo hayana filimbi ya mwisho. Hakuna dakika 90. Huamki asubuhi ukakuta gazeti limeandika kwamba umeshinda 2 kwa 1. Na bado kazi ni ileile ya mwalimu: kuwapanga watu, kila mmoja mahali pake, na kuwatuliza bao la kwanza linapoingia upande usiotakiwa.

Ndugu wanachama, nimewaambia habari za mtu huyu kwa sababu ninayo haja kwenu, na mgeni njoo mwenyeji apone.

Katika ukumbi wetu hapa kuna picha za timu za shule zilizotundikwa ukutani. Nendeni mkazitazame baada ya chakula. Majina ya wachezaji yameandikwa chini kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, hata la aliyekuwa wa akiba. Pembeni amesimama mtu mzima mwenye filimbi shingoni. Jina lake halikuandikwa katika picha hata moja. Baadhi yenu mnamjua kila mmoja wao. Mlifundishwa nao jiografia asubuhi na kupiga penalti jioni, na hawakulipwa senti moja kwa ajili ya hizo penalti. Ombi langu la kwanza halina gharama: kabla hamjaondoka leo, kila anayemjua mwalimu aliye katika picha ampatie Katibu jina lake, nalo liandikwe. Tukishindwa kuandika jina la mwalimu wetu hapa shuleni, hatuna haki ya kulalamika kwamba la Bendera halikuandikwa Lagos.

Ombi la pili ni gumu zaidi. Tumeletewa pendekezo kwamba sehemu ya kiwanja, upande wa barabarani, ijengwe vibanda vya kupangisha ili shule ipate kipato. Naelewa shida iliyozaa pendekezo hilo. Madawati ni pungufu, na paa la bweni linavuja. Lakini kumbukeni habari ya kiwanja cha Chicago. Kumbukeni pia kwamba miaka ya mwanzo ya 2000 nchi yetu ilisimamisha michezo ya shule, UMISHUMTA na UMISSETA, kwa kudhani kwamba michezo inawapotezea watoto muda wa masomo. Baadaye michezo hiyo ilirudishwa, na ni vizuri ilirudishwa, lakini mtoto aliyekuwa kidato cha kwanza mwaka ule hakurudishiwa miaka yake. Kamati yaweza kurudishwa kwa barua. Kiwanja kilichojengwa vibanda hakirudishwi kwa barua. Katika kazi yangu nimeona ramani za shule zaidi ya moja ambazo zamani zilikuwa na viwanja viwili, kisha kimoja, kisha nusu, na sasa watoto wanakimbia kwenye ushoroba kati ya darasa na ukuta. Hakuna aliyeamua kuviua viwanja vile. Kila aliyekata kipande alikuwa na sababu nzuri.

Kwa hiyo nawaomba tulikatae pendekezo la vibanda, lakini tusilikatae mikono mitupu. Bweni litengenezwe kwa michango yetu, nami nitakuwa wa kwanza kuandika jina. Na pamoja na bweni, tumgharimie mwalimu mmoja wa shule hii, kila baada ya miaka miwili, aende kwenye kozi ya ukocha ya ngazi ya awali inayotambuliwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika. Ngazi hizo zinajulikana: D, kisha C, B na A. Wala isiwe kwa wavulana tu na mpira wa miguu tu. Netiboli, riadha na mpira wa wavu navyo vina walimu wasiokuwa na cheti kwa sababu hakuna aliyewalipia nauli. Tukifanya hivyo kwa miaka kumi tutakuwa na walimu watano. Sijui kama mmoja wao ataifikisha nchi Lagos nyingine. Najua tu kwamba hatafika asipoanza.

Na ninyi vijana, neno langu kwenu ni fupi, kwa sababu naona wapishi wanatupungia mikono. Wengi wenu hamtacheza katika timu ya taifa, kama sisi tusivyocheza. Lakini karibu kila mmoja wenu siku moja atapewa watu wa kuwaongoza: darasa, wodi ya wagonjwa, karakana, shamba, au nyumba yake mwenyewe. Siku hiyo mtakuwa walimu, mpende msipende. Mtafanya kazi ambayo matunda yake yatatokea kwa miguu ya mtu mwingine, na huenda jina litakaloandikwa likawa la mtu mwingine pia. Fanyeni kazi hiyo hata hivyo, na ifanyeni vizuri. Kisha, mkipata nafasi ya kushika kalamu, andikeni majina ya waliowafundisha.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Mapendekezo yangu mawili nimeyaacha mezani kwa Katibu kwa maandishi, ili yapigiwe kura mchana huu.